Mkono Uliopotelea Shingoni

Nakumbuka asubuhi ile niliyoulizwa swali ambalo mpaka leo, na meno haya machache yaliyobaki, sijalijibu nikaridhika. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki katika ofisi ya wakili mmoja Musoma mjini. Mume wangu Magesa alikuwa pembeni yangu, na mkono wangu wa kulia nilikuwa nimeulaza mapajani kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa mwenzake. Wakili mwenyewe alikuwa binti, mdogo kwangu kwa umri, anaitwa Neema. Aliniangalia kwa upole, akaniuliza, "Kwa hiyo, mama, umepoteza nini?"

Cheka tu, mwanangu. Mtu mzima, mke wa mtu, anaulizwa alichopoteza, naye anatumbua macho.

"Mkono," nikamwambia.

"Mkono nimeuandika. Nauliza kipato. Kitu gani ulikuwa unapata, sasa hivi hupati?"

"Mimi nalima pamba."

"Haya. Msimu huu, baada ya kupasuliwa, ulivuna?"

"Nilivuna."

"Ilipungua kuliko msimu wa nyuma?"

Nikamwangalia Magesa. Magesa akaangalia dari, utafikiri jibu limebandikwa huko juu. "Ilizidi," nikasema.

Neema akaweka kalamu mezani. Hakukasirika, lakini nilimwona amekwama. Na mimi nilikuwa nimekwama pamoja naye, tena kuliko yeye, kwa sababu nilijua kabisa kwamba nimeibiwa kitu kikubwa, ila nikikitafuta ndani ya maneno sikioni.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Nyie vijana mkianza kusikiliza jambo mnataka likimbie mbele tu, kama hizi bodaboda za hapa mtaani Bweri. Siku hizi naishi hapa kwa kijana wangu, sina shamba, nina vijituta vyangu vya mchicha nyuma ya nyumba. Lakini wakati huo nilikuwa mama kijana, nimeolewa kijiji kimoja kati ya Butiama na Bunda, na nilikuwa na nguvu, aisee, nguvu zenyewe za kutisha.

Uvimbe uliniota shingoni, upande wa kulia. Ulianza kama punje ya njugu mawe, ukakua, ukawa kama yai la njiwa. Haukuuma. Ila watu wakishakuona una uvimbe, kila mmoja ana ndugu yake aliyekufa na uvimbe kama huohuo, basi tukaogopa tukaenda hospitali. Hospitali gani sitakutajia, haikusaidii. Daktari alikuwa mtu mwema, anasalimia, anakuita dada, anakuuliza umekula. Akaniambia ni jambo dogo, nitapigwa ganzi na jioni nitakuwa nyumbani. Na kweli, jioni nilikuwa nyumbani. Uvimbe wakaupeleka kupimwa, majibu yakaja kwamba siyo ule ugonjwa mbaya. Magesa akachinja jogoo, tukamshukuru Mungu, mambo yakaisha.

Yaani nilidhani yameisha.

Nyuzi zilipotolewa nikaenda kuchota maji. Nikajaza ndoo, nikainama, nikainyanyua kujitwisha, na mkono ukafika usawa wa kifua ukagoma. Haukuuma sana. Uligoma tu, kama ng'ombe anayegoma kuingia mtoni. Ndoo ikanimwagikia mwili mzima, na wanawake waliokuwepo wakacheka, na mimi nikacheka nao nikijua ni uchovu. Kesho yake ukagoma tena. Bega likaanza kushuka, nikivaa gauni linaning'inia upande mmoja. Nikarudi hospitali, yule daktari akaniambia nivute subira, mkono utarudi. Nikavuta subira mpaka subira ikanichoka. Mwishowe Magesa akanipeleka hospitali nyingine kubwa, na huko daktari mwingine akanigusagusa bega, kisha akanieleza. Kuna mshipa wa fahamu unapita shingoni, ndio unaobeba bega. Wakati wa kutoa ule uvimbe ulikatwa. Ungegundulika mapema labda ungeunganishwa, lakini sasa muda umepita.

Nilimuuliza mara mbili tatu, maana sikuelewa. Mimi nilipasuliwa shingo, mkono umeingiaje? Nilikwenda na shingo mbovu na mkono mzima, nikarudi na shingo nzima na mkono mbovu. Usiku na mchana nilikuwa nalizungusha hilo kichwani. Na yule daktari wa kwanza, nimchukie au nimshukuru? Kanitoa kitu kimoja, kanikata kingine. Nilikuwa nikiamka nimemsamehe, ikifika saa nne nikitaka kufunga kanga kichwani, nimemlaani tena.

Sasa nikueleze kuhusu kilimo chetu, bila hilo hutaelewa kwa nini nilimwambia wakili kwamba pamba ilizidi. Kwetu palizi mtu hapalilii peke yake. Mnajipanga majirani, wake kwa waume, leo mnaingia shamba la huyu, kesho la yule, mpaka mzunguko uishe. Sisi tunaita risaga. Hakuna hela inayotembea. Unalimiwa, na wewe unakwenda kulima. Mwenye shamba anapika ugali, anatafuta samaki, furu au dagaa, watu wanakula, wanaondoka. Na ipo sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika popote. Mnaingia shambani pamoja, kila mtu anashika mstari wake wa pamba, na anayemaliza wa kwanza haanzi mstari mwingine. Anasimama mwisho wa shamba, anaegemea jembe, anasubiri. Akishafika wa mwisho, ndipo mnageuka wote kwa pamoja.

Mimi nilikuwaga wa kwanza. Usinione hivi nilivyokunjamana. Nilikuwa nafika mwisho wa shamba jasho halijanitoka, naegemea jembe, naanza kuwachokoza walio nyuma: "Nyie! Mnalima au mnazika?" Watu wanacheka, wananitukana, shamba linakwisha hatujui limekwishaje.

Msimu ule wa mkono wangu, kiongozi wa risaga alikuwa mama mmoja mjane anaitwa Nyangeta. Mkubwa kwetu wote, mwembamba, sauti yake ukiisikia ng'ambo ya bonde unajua leo kuna mtu amekosea. Akawaambia wenzake, "La Wegesa tunaanza nalo." Wegesa ndio mimi. Wakaingia shambani kwangu wakapalilia, magugu yalipoota tena wakarudi kabla sijaomba, pamba ilipopasuka wakaja kuchuma. Kwa huruma waliyokuwa nayo walilisafisha lile shamba kuliko hata mimi nilivyokuwa nalisafisha na mikono yangu miwili. Mvua nayo ikakubali. Ndiyo maana mizani ilipopima pamba yetu, ikazidi ya mwaka uliotangulia. Magesa alishangilia. Mimi nilishindwa kushangilia na sikujua kwa nini.

Zamu za wenzangu zilipofika, sikwenda. Ningekwenda na nini? Nilikuwa nasikia asubuhi wanapita njia ya nyumbani kwangu, majembe begani, wanaongea kwa sauti, nami nimejibanza ndani nangoja wapite ndipo nifungue mlango. Hakuna aliyenisema, mwanangu. Hakuna aliyekuja kuniuliza Wegesa mbona hatukuoni. Laiti wangenisema. Niliona natoka kwenye watu taratibu, na mtu akishatoka kwenye risaga kijijini kwetu ni kama amehama, ila nyumba yake tu ndiyo imebaki.

Wakati huohuo kila mtu ana ushauri. Kanisani mmoja akaniambia ni mapenzi ya Mungu nisishindane. Mwingine akasema ukiwashtaki watu wa hospitali, siku ukiugua tena watakuacha kwenye benchi. Magesa yeye alikuwa amesikia redioni kwamba mtu akiumizwa kwa uzembe anaweza kudai fidia ya kipato alichokosa. Basi hapo alipata moto. "Tunadai mpaka kieleweke!" Anatembea nyumbani kama mtu aliyekwisha kushinda kesi. Mimi nilimfuata. Sikujua kama nataka hela au nataka mkono au nataka tu mtu mmoja wa kule aseme, ndiyo, tulikukosea.

Haya, turudi kwa wakili. Neema alipoweka kalamu mezani, akafikiri, akasema, "Mama, nani alilima shamba lako wakati unaumwa?"

"Majirani."

"Mliwalipa? Kwa sababu kama mliwalipa vibarua, hiyo ni gharama. Tunaweza kuidai."

Kabla sijafungua mdomo, Magesa akasema, "Tuliwalipa."

Nikageuka kumwangalia. Hakuniangalia.

"Basi vizuri," Neema akasema. "Waje wachache waseme hivyo, waweke sahihi. Mama, ndivyo ilivyokuwa?"

Mwanangu, sikusema ndiyo, sikusema hapana. Kichwani najiuliza, je, chakula nilichowapikia siyo malipo? Lakini mbona hata hicho chakula sikupika mimi, walipika wenyewe, maana sufuria sikuweza kuiinua? Nikatoka pale nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Ndani ya basi mpaka tunashuka njia panda hatukusemeshana, na Magesa anasemaga hata usingizini.

Tulimkuta Nyangeta kwenye mwamba nyuma ya nyumba yake, ameanika udaga, anageuza vipande vya muhogo kimoja kimoja vipate jua. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia, akaendelea kugeuza. Magesa akaanza mbali. Akamsifu kwa kazi yao, akasimulia ofisi ya wakili ilivyo nzuri na maswali tuliyoulizwa, akaja akaja mpaka akafika. "Sasa mama, tunachoomba ni kitu kidogo. Mwende mseme kwamba tuliwalipa. Ni maneno tu ya ofisini."

"Maneno tu," Nyangeta akasema.

"Maneno tu, mama."

"Mlinilipa nini?"

Magesa akacheka kicheko cha kukosa mahali pa kukaa. Nyangeta akaacha udaga, akanyanyuka, akajifuta unga wa muhogo kwenye kanga.

"Magesa, kibarua akishalipwa anakwenda zake. Hamjuani tena. Akipita kwako hata maji siyo lazima umpe. Ndicho unachotaka niende nikaseme Musoma? Kwamba mimi na nyumba hii tumemalizana?" Akanigeukia. "Na wewe Wegesa? Tumemalizana?"

Hapo machozi yakanitoka, sikuweza kuyashika. "Mama, nitakuja kwako na nini?" nikamwambia. "Jembe silinyanyui. Mnanidai wote. Asubuhi mkipita najificha, nasikia mnavyoongea, nangoja mpite ndipo nitoke."

"Najua unajificha."

"Unajua?"

"Hivi wewe, tangu lini njia ya kwenda mashambani inapita mlangoni kwako? Njia si iko kule chini kwenye kijito? Tunazunguka makusudi. Tunapiga kelele makusudi. Tunakungoja utoke utukane hata mara moja, hutoki!"

Loo, mwanangu. Nilisimama pale kwenye mwamba sijui nilie au nicheke. Msimu mzima wale watu wanapanda kilima na majembe begani kwa ajili yangu, na mimi ndani nimejibanza nikidhani wameniacha.

Nyangeta hakunibembeleza. Alinigombeza, tena kwa sauti, mpaka kuku wakakimbia. "Umeulizwa umepoteza nini, ukasema pamba! Pamba hukupoteza, tulikuchumia sisi. Kawaambie una deni la siku za watu. Siku zangu, siku za Masatu, siku za kila jirani aliyeinama shambani kwako. Mtu mzima anazirudisha kwa mwili wake, na mwili wa kuzirudishia waliuacha kule kwao hospitali kwenye beseni. Hicho ndicho ulichopoteza. Kama unaona haya kusema, nitasema mimi!"

Na alisema. Tulirudi Musoma, tukiwa na Nyangeta aliyevaa gauni lake la kanisani, na Masatu, jirani yetu, amevaa koti katikati ya joto. Neema akatukaribisha, akafungua karatasi zake, akauliza hawa ndio vibarua waliolipwa?

"Vibarua ni bibi zako," Nyangeta akasema. "Sisi huyu tunamdai."

Neema akamwangalia, akaniangalia mimi. "Samahani, mama. Mmekuja kumdai au kumtetea?"

"Vyote viwili."

Maskini binti, alichanganyikiwa naye. Lakini nampa sifa zake, hakutucheka wala hakutukatiza. Aliwasikiliza kuanzia mwanzo, akauliza risaga ni nini, mtu asipokuja inakuwaje, mtu akifiwa inakuwaje, aliyezeeka anafanyaje. Alipoelewa, akaegemea kiti, akaniuliza taratibu, "Mama, hili mbona hukuniambia siku ile?"

"Nilidhani ni aibu," nikamwambia. "Sikujua kama ni hasara."

Akainamisha kichwa akaandika. Aliandika muda mrefu. Kisha akamgeukia Magesa. "Baba, ile ya vibarua tunaifuta?"

"Futa, wakili, futa," Magesa akasema, anajikuna shingo. "Nilichanganya mambo."

Sitakudanganya kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Tulikwenda na kurudi mpaka makondakta wa basi wakatujua kwa majina. Watu wa hospitali walisema kwanza kwamba niliweka sahihi kukubali kupasuliwa, na ni kweli niliweka. Wakasema hatari ile inajulikana kwenye upasuaji wa shingo. Neema akawauliza, kama inajulikana, kwa nini mama huyu hakuambiwa, na kwa nini aliporudi na mkono uliolala aliambiwa avute subira? Hapo wakaanza kulegea. Siku ya kikao cha mwisho yule daktari alikuwepo. Hakusema kitu ndani. Tulipotoka akanifuata kwenye korido, akasimama mbele yangu, akasema, "Dada, nisamehe. Siku ile uliporudi nilijua. Niliogopa."

Nilikuwa nimemwandalia maneno, mwanangu, makali, nilikuwa nayakariri hata nikichambua mboga. Yote yalipotea. Nilimwona tu mtu mwenye miwani, mchovu. Nikamwambia, "Haya." Basi. Haya. Mpaka leo sijui kama nilimsamehe au niliishiwa maneno.

Walikubali kulipa. Walilipa mkono, na walilipa zile siku nisizoweza kulima, zangu na nilizokuwa nadaiwa. Kiasi gani sikwambii. Hela ikishatajwa, masikio ya watu hayasikii kitu kingine. Haikuwa ya kutajirika na haikuwa ya kudharau.

Nikafurahi, nikasema sasa nimepona, sasa nina kitu cha kurudisha. Kwanza nikazunguka nyumba kwa nyumba na fungu la kila mtu. Masatu akakataa. Mke wake akakataa. Nyangeta hakufungua hata kitambaa nilichofungia hela. "Kaa nayo, somesha watoto," akasema. "Zamu yangu ni Jumanne." Nikabaki nimeshika hela mkononi, hospitali imeona ni wajibu wake kulipa, wenye kudai wanasema siyo yao kupokea. Hebu nieleze wewe uliyesoma, ilikuwa ya nani?

Nikawaza nikawazua, nikaona nimepata dawa. Nikaenda Bunda nikakodi vijana wawili, mabega mapana, wanajua jembe. Jumanne asubuhi nikafika nao shambani kwa Nyangeta, mimi mbele, wao nyuma na majembe yao mapya.

"Hawa ni akina nani?" Nyangeta akauliza.

"Ni mkono wangu, mama."

Aliwaangalia juu mpaka chini. "Vijana, poleni na safari. Mlipwe hela yenu ya leo mrudi Bunda. Mimi nilimwita Wegesa."

Nilitamani ardhi inimeze. Wale vijana wanacheka chinichini, nami nimesimama na bega langu limening'inia. Masatu akanipa kijembe kidogo cha mpini mfupi, kile cha kupalilia bustani. Nikakishika kwa mkono wa kushoto, nikachuchumaa kwenye mstari wa pembeni kabisa, nikaanza. Mwanangu, mkono wa kushoto usiozoea kazi ni wa mtoto. Nagonga gugu, linabaki. Nagonga tena, nakata mche wa pamba badala ya gugu. Wenzangu waliondoka mbele yangu, nikasikia nyimbo zao zinakwenda mbali, zinakwenda mbali, kisha zikakoma.

Nikainua uso. Walikuwa wamefika wote mwisho wa shamba. Wamesimama, wameegemea majembe, wamegeuka kuniangalia. Mimi sijafika hata katikati, na jua limeanza kuwa kali.

"Endeleeni!" nikawapigia kelele. "Nyie endeleeni, mtachelewa!"

Hakuna aliyetikisika. Wengine wakakaa chini wakawasha kiko. Nikapalilia, nikapalilia, jasho linaingia machoni, nina haraka na haraka yenyewe inaniharibia. Nikainua uso tena, bado wamesimama. Ndipo nikasikia sauti ya Nyangeta kutoka kule mwisho, ile sauti ya kuvuka bonde:

"Wegesa! Unalima au unazika?"

Shamba zima likaangua kicheko. Nami nikacheka, nikacheka nikiwa nimechuchumaa kwenye udongo mpaka kijembe kikaniponyoka, na huku nikilia hadharani bila kujificha. Nikakiokota nikaendelea. Nilipofika mwisho hakuna aliyenipongeza wala kunipa pole. Nyangeta alisema tu, "Haya, tugeuke," tukageuka wote, tukashika mistari mingine.

Siku ile hatukumaliza shamba. Nusu yake tu, kwa ajili yangu. Ukipiga hesabu za ofisini utaona nilizidisha deni, sikupunguza, maana watu wote wale walipoteza muda wao wakinisubiri. Nimelifikiria hili miaka yote na bado sielewi nililipa nini pale. Ninachojua ni kwamba kesho yake asubuhi walipopita mlangoni kwangu, nilikuwa nimeshatoka, nawasubiri njiani.

Sasa nisikilize, maana nimezungumza mpaka chai imepoa. Ukiumizwa pale ulipokwenda kuponywa, dai. Usinyamaze kwa sababu daktari ni mpole, au kwa sababu umeambiwa Mungu ndiye aliyetaka. Mungu hakushika kile kisu. Yule daktari alinyamaza kwa woga na mkono wangu ukafa ndani ya ukimya wake, usije na wewe ukaongeza ukimya juu ya ukimya. Tafuta anayejua sheria, nenda mapema, na umwambie kweli yote, hata ile unayoiona ni aibu, kwa sababu mara nyingi hasara yako imelala hapohapo chini ya aibu. Na usiende peke yako. Mimi niliulizwa nilichopoteza nikashindwa kusema. Walionibeba ndio waliojua, kwa kuwa wao ndio waliokuwa wanahisi uzito.

Hela ikija, ipokee bila kuona haya, ni haki yako. Lakini usiitume ikakae mahali pako katikati ya watu. Kakae mwenyewe, hata kama ni kwa mkono wa kushoto, hata kama unakata miche.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe waganga waangalifu, wenye mkono mtulivu na mdomo usioogopa kusema nimekosea. Akulinde shingo na bega, akupe mavuno ya kutosha wewe na aliyekusaidia kuvuna. Na siku utakapobaki nyuma, kwa sababu utabaki, kila mtu hubaki, uinue uso ukute watu wako wamesimama mwisho wa shamba, wameegemea majembe, wanakusubiri.